Jinsi ya Kulinganisha Kichakataji cha Zamani na cha Kisasa Kabla ya Kununua Kompyuta

Anayekwenda kununua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, awe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huambiwa mambo matatu kabla hata hajaifunua: kwamba ni i5 au i7, kwamba RAM yake ni gigabaiti 8, na kwamba imeingia juzi kutoka Dubai. La kwanza ndilo linalopandisha bei, nalo likisemwa peke yake halimpi mnunuzi chochote cha kutegemea, kwa kuwa i7 ya kwanza ilitoka mwaka 2008 na jina hilo likaendelea kubandikwa kwenye vichakataji vipya kwa takriban miaka 15. Kusema "ni i7" bila kutaja namba zinazofuata ni sawa na kusema gari ni Corolla bila kutaja ni ya mwaka gani.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kazi za kila siku: barua, majedwali, mafaili ya PDF, mikutano ya video, kivinjari chenye vichupo vingi na filamu jioni. Anayehariri video kwa ajili ya riziki au kucheza michezo mizito ana hesabu nyingine. Ninakitanguliza kichakataji, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa, kwa sababu katika kompyuta mpakato nyembamba za tangu mwaka 2013 hivi kimelehemiwa kwenye bodi na hakibadilishwi. Diski hubadilishwa kwa nusu saa, RAM mara nyingi huongezwa, betri hununuliwa; ukikosea kichakataji utaishi nacho hadi siku utakapoiuza mashine yenyewe.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kuwa kosa ni la kichakataji

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye karatasi kazi unazofanya na mahali ambapo kompyuta uliyonayo inakukwamisha. "Inachelewa kuwaka" ni lalamiko tofauti na "sauti inakatika nikiwa kwenye mkutano huku nimefungua Excel." La kwanza karibu kila mara ni la diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde inapokuwa na bahati, ilhali SSD ya kawaida, yaani diski mpya isiyo na sehemu ya kuzunguka, husoma zaidi ya 500 na haipotezi muda kutafuta faili lilipo. La pili linaelekea kuwa la kichakataji.

Ili kupata uhakika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, kisha fungua sehemu ya Performance na uendelee na kazi inayokukera. Ikiwa mchoro wa diski ndio uliogota kwenye asilimia 100 huku wa CPU, yaani kichakataji, ukisuasua kwenye 20, usinunue kompyuta, nunua SSD. Ikiwa RAM ndiyo iliyojaa, ongeza RAM. Ikiwa CPU ndiyo iliyogota, bado kuna jambo moja la kutazama, nalo ni vumbi: kichakataji kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na katika joto la Dar es Salaam mashine ya miaka mitano isiyowahi kufunguliwa huwa imeziba njia ya hewa kwa blanketi la vumbi unaloweza kulibandua kwa vidole. Fundi akisafisha feni na kupaka upya dawa ya kupitisha joto, wapo wanaorudi nyumbani na mashine waliyodhani imezeeka.

Hatua ya pili: Soma jina zima, herufi kwa herufi

Chukua mfano wa i5-8250U. Sehemu ya i5 ni daraja tu ndani ya mwaka wake. Namba 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. 250 ni namba ya bidhaa ndani ya kizazi hicho. Na U huonyesha kuwa ni kichakataji cha mpakato kinachotumia umeme kidogo. Kuanzia kizazi cha 10, kizazi huandikwa kwa tarakimu mbili, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: i5-1135G7 ni kizazi cha 11, cha mwaka 2020, wala si cha kwanza, na i5-1235U ni cha 12. Kizazi cha kwanza chenyewe hukitambua kwa kuwa na tarakimu tatu tu, kama i7-620M ya mwaka 2010.

Herufi ya mwisho isipuuzwe. H au HQ ni kichakataji chenye nguvu zaidi na joto zaidi, ambacho hula betri haraka. Y ni cha mashine nyembamba sana, na nguvu yake ni ndogo kuliko jina linavyoahidi. M, katika kizazi cha 2 hadi cha 4, ni cha mpakato wa kawaida wa wakati ule. T kwenye kompyuta za mezani ni kilichobanwa kitumie umeme mdogo. Mwishoni mwa 2023 Intel, kampuni inayotengeneza vichakataji hivi vya i5 na i7, ilianza kuacha herufi "i" kwenye vichakataji vyake vipya vya mpakato na kuviita Core au Core Ultra, kwa hiyo ukikuta jina lisilo na i5 wala i7 usidhani ni bandia.

AMD, kampuni nyingine inayotengeneza vichakataji, ni habari nyingine, na hapa nakiri kwamba utaratibu wao wa majina umewahi kunipotosha hata mimi. Vichakataji vyao viitwavyo Ryzen vilianza mwaka 2017, na chochote cha AMD kilicho kabla yake, hasa vile vilivyoandikwa E1, E2, A4 na A6, ni vya kuepukwa hata vikiuzwa kwa bei ya simu. Lakini Ryzen mpya nazo zina mtego wake. Katika vichakataji vya mpakato vya mfululizo wa 7000, namba ya kwanza haikuambii umri wa ubunifu ulio ndani. Namba ya tatu ndiyo inayokuambia. Ryzen 5 7520U ina 2 katika nafasi hiyo, maana yake imejengwa kwa ubunifu wa Zen 2 uliotoka mwaka 2019, na ina viini 4, yaani sehemu nne zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ryzen 5 7530U, ambayo kwa jina inaipita kwa namba kumi tu, imejengwa kwa Zen 3 na ina viini 6. Kwenye stika zote mbili ni "Ryzen 5."

Hatua ya tatu: Usiiamini stika, iulize mashine yenyewe

Stika huuzwa mtaani, na ganda la kompyuta hubadilishwa. Zaidi ya hapo, jina la modeli pia halitoshi: kompyuta nyingi za ofisini za mwaka 2018, za HP, Dell na Lenovo, ziliuzwa katika ganda lile lile zikiwa na kizazi cha 7 au cha 8 kulingana na agizo la kampuni iliyozinunua. Kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 na ubonyeze Enter. Jina kamili litatokea kwenye mstari wa Processor. Mashine ikiwa na Linux, fungua terminali na uandike lscpu. Liandike jina hilo kwenye simu yako neno kwa neno, wala usikubali kuambiwa kwamba "hizo ni namba za kiwandani."

Usichukulie pia kuwepo kwa Windows 11 kama ushahidi wa upya. Wauzaji wanajua njia za kuipakia kwenye mashine ambazo Microsoft haizitambui, na itawaka vizuri tu mbele yako. Tatizo huja baadaye, kwa kuwa Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine za namna hiyo.

Hatua ya nne: Weka mstari kwenye kizazi cha 8

Kama msomaji angekuwa na nafasi ya kukumbuka jambo moja tu, ningemwomba alibebe hili. Mwaka 2017 yalitokea mambo mawili kwa vichakataji vya mpakato vya Intel. La kwanza ni kwamba idadi ya viini katika i5 na i7 za herufi U iliongezeka maradufu, kutoka 2 hadi 4, baada ya kukaa palepale kwa vizazi kadhaa. La pili lilikuja kujulikana mwaka 2021, Microsoft ilipotoa Windows 11 na kuamua kwamba, ukiondoa vichache vya kuhesabika, vichakataji vya Intel vinavyotambuliwa ni vya kizazi cha 8 na kuendelea, na vya AMD vya mpakato ni Ryzen za mfululizo wa 3000 na kuendelea, pamoja na sharti la chipu ya usalama ya TPM 2.0. Masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hivyo mstari huo ni wa nguvu na wa usalama kwa wakati mmoja.

Nilimsindikiza mpwa wangu, mwanafunzi wa uhasibu, kwenda kuchagua mashine, na mezani zilikuwa mbili zinazofanana kama mapacha. "Mjomba, dogo achukue hii i7," muuzaji alisema, "hiyo nyingine ni i5 ya kawaida tu." Ile i7 ilizidi bei kwa shilingi 60,000 za Tanzania. Tulipoziuliza zenyewe, moja ilikuwa i7-7500U na nyingine i5-8250U. Ya kwanza ni ya mwaka 2016, ina viini 2 na nyuzi 4 (nyuzi ni mikondo ya kazi ambayo viini hivyo hubeba kwa pamoja), na kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.7 inayoweza kupanda hadi 3.5. Ya pili ni ya mwaka 2017, ina viini 4 na nyuzi 8, na kasi yake ni 1.6 inayopanda hadi 3.4. Zote zimepangiwa wati 15. Kwa macho ya haraka i7 inashinda kila mahali: jina, bei, gigahezi. Tukazifungulia kazi ile ile, yaani video kwenye kivinjari, jedwali kubwa la Excel na vichupo kumi na viwili, na mchoro wa CPU wa ile i7 ukapanda na kukaa juu kama maji yaliyojaa ndoo, huku wa i5 ukichezacheza katikati. Mpwa wangu aliondoka na i5 na shilingi 60,000 zake, ambazo siku chache baadaye ziligeuka kuwa RAM ya ziada.

Hii haina maana kwamba vizazi vya 6 na 7 ni takataka. Kwa mtu ambaye kazi zake zote zinafanyika ndani ya kivinjari na ambaye yuko tayari kutumia Linux Mint, i5-6300U yenye SSD na RAM ya gigabaiti 8 ni mashine ya heshima kwa bei ndogo. Kizazi cha 2 na cha 3 ningekiacha, isipokuwa umepewa bure.

Hatua ya tano: Gigahezi zisikudanganye

Mwaka 2004 Intel iliuza Pentium 4 ya gigahezi 3.8. Ukiilinganisha kwa namba hiyo peke yake, inaizidi i5-8250U hata ikiwa kwenye kilele chake, jambo ambalo ni kichekesho kwa yeyote aliyewahi kuzitumia zote mbili. Gigahezi huhesabu mapigo kwa sekunde. Hazisemi ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo, na hapo ndipo vizazi vinapotofautiana. Linganisha gigahezi ndani ya kizazi kimoja na aina moja tu.

Elewa pia kwamba kasi ya msingi ni ile ambayo kichakataji kimeahidiwa kuimudu muda wote wa kazi nzito, na kasi ya juu ni ile kinayoifikia kwa muda pale joto na umeme vinaporuhusu. Ndiyo maana i5-8250U ina msingi mdogo wa 1.6: viini vinne vinagawana wati zile zile 15 ambazo zamani ziligawanwa na viini viwili. Unapofungua ukurasa mmoja, kiini kimoja hupanda hadi 3.4 na kumaliza kazi upesi, na hilo ndilo unalolihisi.

Ukitaka namba moja ya kulinganishia, tafuta mtandaoni alama za PassMark, kipimo cha kulinganisha vichakataji, za vyote viwili na utazame mbili kati yake: ya uzi mmoja, inayoeleza wepesi wa kufungua vitu, na ya jumla, inayoeleza uwezo wa kubeba kazi nyingi kwa pamoja. Tofauti ya asilimia 10 hutaihisi. Ikifika maradufu, utaihisi kila siku.

Hatua ya sita: Kilichotoka dukani kwenye boksi si lazima kiwe na nguvu

Wazazi wengi hununua kompyuta mpya ya bei nafuu kwa ajili ya mtoto kwa kuogopa mtumba, wakaishia na Celeron N4020. Kichakataji hicho cha mwishoni mwa 2019 kina viini 2 na nyuzi 2, kasi ya 1.1 inayopanda hadi 2.8, na mara nyingi hufungwa pamoja na RAM ya gigabaiti 4 isiyoongezeka na hifadhi ya gigabaiti 64 iliyolehemiwa, ambayo Windows peke yake huimaliza karibu nusu. Ile i5-6300U ya mwaka 2015 niliyoitaja hapo juu inaiacha mbali. Faida ya Celeron ni waranti, betri mpya na utulivu, kwa kuwa nyingi hazina hata feni; kwa kuandika na kusoma inatosha, lakini uinunue ukijua.

N100, iliyotoka mwaka 2023, ni ya ukoo ule ule wa umeme mdogo, lakini hapa mambo yamebadilika. Ina viini 4, hufika gigahezi 3.4, na imepangiwa wati 6 tu. Iweke kando ya i7-2600, fahari ya kompyuta za mezani ya mwaka 2011 iliyopangiwa wati 95, na kwa kazi za ofisi utapata taabu kuzitofautisha. Kwa mwenye duka la vifaa vya shule au huduma ya kuchapa na kutoa nakala, hesabu ya umeme ndiyo itakayoamua. Tuseme mashine nzima ya zamani inazidi ile mpya kwa wati 50, nayo inawaka saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: hizo ni uniti 10 na ushei za Luku kila mwezi, kwa kompyuta moja.

Hatua ya saba: Jaribu kwa dakika kumi na tano hapo hapo dukani

Washa intaneti ya simu yako, kwani ya dukani mara nyingi "imekatika kidogo." Fungua video ya YouTube ya 1080p, bofya kulia juu ya picha na uchague Stats for nerds. Kwenye mstari wa kodeki, yaani namna video ilivyobanwa, utaona av01, vp09 au avc1. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha 11 na kuendelea vina sehemu maalumu ya kufungua av01, na vya kizazi cha 7 na kuendelea vina ya vp09; kisipokuwa na sehemu hiyo, kichakataji hulazimika kuifanya kazi hiyo kwa nguvu za viini vyake, feni inavuma na betri inayeyuka kwa video ya kawaida kabisa. Huku video ikiendelea, rudi kwenye mchoro wa CPU. Ukiwa chini ya asilimia 30, hali ni njema. Ukipanda juu ya 80 na picha ikarukaruka, mashine hiyo itakusumbua kwenye kila mkutano.

Tazama pia namba ya kasi iliyo chini ya mchoro. Ikiwa imegandia kwenye gigahezi 0.4 au 0.8 huku kazi ikiwa nzito, shuku chaja. Baadhi ya kompyuta zikishindwa kuitambua chaja hubana kasi ya kichakataji makusudi, na muuzaji anayetumia chaja moja kuwashia mashine zote za kabati lake huenda hata yeye hajui. Omba nyingine, ujaribu tena. Ikiwa kasi huanza vizuri na kuporomoka baada ya dakika tano, na sehemu ya chini imekuwa ya moto kama pasi, tatizo ni joto, na gharama ya fundi uitoe kwenye bei kabla hujalipa.

Hatua ya nane: Jina kamili liingie kwenye risiti

Mkishakubaliana bei, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kichakataji kwa jina lake zima, kwa mfano i5-8350U, wala si "i5" au "core i5 laptop," pamoja na kiasi cha RAM, aina ya diski na siku za kurudisha. Kisha iwashe mara ya mwisho kabla haijaingia kwenye begi na uhakikishe kwamba ni ile ile uliyoijaribu, kwa sababu mashine zikiwa mbili za rangi moja mezani, na wateja wakiwa wanne, mkono wa muuzaji huweza kukosea hata bila nia mbaya.